Doti ya Mama wa Kisauni

Alikuja Jumanne, kabla ya adhuhuri,
akaniwekea doti mezani, bado haijakatwa.
"Nipindie vizuri, fundi,
si ule upindo wako wa haraka. Hii ni ya mwari wangu."
Nikacheka. Nikaandika kwenye daftari:
Mama wa Kisauni. Doti moja. Kesho.
Alinipa hamsini, sikuwa na chenji.
"Basi ishirini yangu kesho," akasema, akashika njia
ya Mwembe Tayari.

Saa kumi na nusu ikalia.
Cherehani yangu iliruka mshono mmoja tu.
Upo mpaka leo, karibu na kona,
ukipitisha kidole utauhisi.

Mimi nilidhani ni tairi la lori.
Twalib wa funguo alidhani ni transfoma.
Kila mtu alidhani kitu chake,
mpaka tukawaona wanakuja mbio, hawana viatu,
na mmoja ameshika sahani ya viazi karai,
hajamwaga hata kimoja,
hajui kwa nini ameishika.

Kesho ikaja. Yeye hakuja.
Nikapiga nambari aliyoniachia.
Yule dada wa simu, sauti laini kama siku zote,
akanambia mteja hapatikani kwa sasa.
Kwa sasa.
Nililishikilia neno hilo siku tatu.

Makadara nilipanga foleni ya damu,
kisha ya majina ukutani.
Hapana aliyeandikwa Mama wa Kisauni.
Yalikuwa majina kamili, ya vitambulisho,
ambayo nyumbani haitwi mtu.

Tangu hapo mji mzima una swali moja:
mfuko huu wa nani?
Kwenye feri ya Likoni mtoto aliuacha mkoba,
watu wakahamia upande mmoja, wamebanana, wanasali kwa dini zote.
Ndani: kitabu cha hesabu, na nusu ya mkate wa mofa.

Luqman, wa nyumba ya tatu, siku hizi
vitabu vyake vya chuo anavitia ndani ya wavu wa vitunguu
ili askari avione tangu mbali.
Ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinamtoka. Amezinyoa.
Zamani tungemcheka.

Juzi ikawa zamu yangu.
Shamsa wa duka la mkabala akachungulia chini ya meza.
"Fundi, huo umekaa siku ngapi?"
"Kumi na moja."
Kusema hivyo tu, Biashara Street ikawa tupu,
nikasikia feni za madukani zikizunguka peke yake.

Akaja askari, kijana, na mbwa wake.
Mbwa akanusa, akapiga chafya:
wanga wa nguo mpya.
"Fungua wewe," askari akasema kutoka kule kwenye nguzo.
Nikakunjua.

Leso ina pindo, ina mji, ina jina.
Nikautandaza mji juu ya lami,
mwekundu, maua meusi, mzima, haujatoboka popote,
na watu wakarudi mmoja mmoja kuutazama
kama wanaotazama maiti.
Askari akalisoma jina, polepole, silabi kwa silabi:
SINA HARAKA, CHANGU HAKIPOTEI.
Akavua kofia. Huenda ni joto.

Wananambia nitoe sadaka, nipate kulala.
Nitaitoaje sadaka mali ya mtu?
Na huyo mwari, je, akija?
Kila msichana anayesimama kizingitini namtazama,
natafuta sura ya mama,
kumbe sura ya mama mwenyewe sikuishika,
nilikuwa natazama kitambaa.

Ishirini yake imo ndani ya kopo la vifungo.
Doti nimeikunja upya.
Ule mshono ulioruka sikuurudia.
Mkono ulikwenda, nikauzuia:
akija, na apate cha kunisutia.
Aweke kidole pale pale, anikazie macho, aseme,
"Si nilikwambia, fundi?"